Upande wa Kushoto wa Mnyoo

Kwa miaka thelathini na minne Teresia Nabututu alichora minyoo, na majirani zake wa mtaa wa Kondele, Kisumu, hawakujua. Walijua tu kwamba anafanya kazi "kule kwa samaki", karibu na ziwa, na mara kwa mara mmoja wao alimbishia mlango akiwa na samaki aina ya ngege kwenye karatasi ya nailoni, amnuse na kumwambia kama bado anafaa kupikwa. Nabututu alimnusa, akasema anafaa au hafai. Hakuona haja ya kueleza kwamba kazini hakugusa samaki. Yeye alikuwa mtu wa tope.

Tope lililetwa na Oketch, nahodha wa mashua ya kituo cha utafiti, mzaliwa wa Luanda Kotieno, ufuoni mwa ziwa hilo hilo. Alishusha bakuli la chuma lenye meno mpaka sakafu ya ziwa, likajifunga lenyewe, akalivuta juu likiwa limeshiba. Nabututu aliosha tope hilo kwenye chekeche mpaka ikabaki minyoo myembamba kama uzi wa kushonea. Aliwaokota kwa kibanio, akawatia katika spiriti, akawahesabu, na wale ambao hawakufahamika vizuri akawachora. Minyoo ya sakafu ya ziwa humwambia mtu mengi kuhusu maji yaliyo juu yake, kwa hiyo michoro hiyo iliingia katika ripoti, chini ya majina ya watu wengine. Zamani jambo hilo lilimuuma. Kisha likaacha kumuuma, na hakukumbuka ni mwaka gani.

Alifundishwa kuchora na marehemu Mzee Wakhungu, aliyempokea kituoni akiwa binti wa miaka ishirini na mitano kutoka Bungoma na cheti cha fundi wa maabara. Ubavuni mwa hadubini palikuwa na mkono wenye kioo, na mtu akichungulia aliona mnyoo pamoja na mkono wake mwenyewe na penseli, vyote mahali pamoja, kana kwamba penseli inatembea juu ya mwili wa mnyoo. Siku ya kwanza Nabututu aliuondoa mkono wake haraka kwa kuogopa kumchoma. Mzee Wakhungu alicheka mpaka akakohoa.

Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kukunja. Mnyoo, alisema, ana kulia na kushoto kama mtu, na pande zote mbili ni mamoja. Kwa hiyo unachora upande mmoja kwa uangalifu, kisha unaikunja karatasi ile nyembamba inayopitisha mwanga, hasa kwenye mstari wa mgongo, na kuuchora upande wa pili kwa kufuata mistari ya ule wa kwanza. Unaokoa siku tatu. "Mungu mwenyewe alikunja," alisema. Nabututu alikunja kwa miaka thelathini na minne, na mkono wake ukawa unakunja bila kumwuliza.

Daktari Gakenia alipoajiriwa kituoni alikuja na chupa mbili ndogo ndani ya sanduku la sponji. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu. Wazazi wake walihamia Kisumu kutoka Nyeri kabla hajazaliwa na kufungua duka la vifaa vya ujenzi, na alikulia kati ya misumari na mabati. Masomo yake yalikuwa ya viumbe vya baharini. Kazi aliyoipata ilikuwa ya ziwani, naye akaishika, kwa sababu kazi ni kazi. Lakini ile minyoo miwili hakutaka kuiacha. Ilitolewa kwenye sakafu ya Bahari ya Hindi, mbali sana na ufuo wa Kenya, katika kina cha mita elfu moja na mia tatu, na Gakenia alishuku kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kuwapa jina. Mmoja alikuwa mzima. Mwingine alikuwa nusu ya mbele tu, aliyekatika wakati wa kuvutwa, na alitoka mahali pengine, mwendo wa kilomita arobaini kutoka kwa mwenzake.

"Nimeona michoro yako kwenye ripoti za zamani," alimwambia Nabututu. "Hakuna jina chini, lakini nimeuliza. Ningependa unichoree huyu. Na jina lako liwe kwenye makala, kando ya langu."

Nabututu alikuwa na miezi kumi na mmoja kabla ya kustaafu. Alijifuta mikono kwenye koti lake la maabara ingawa haikuwa na maji.

"Daktari, mimi ni wa minyoo ya tope."

"Na huyu alitoka kwenye tope, Mama. Ni tope la mbali tu."

Oketch alipita na ndoo, akachungulia chupa. "Hii nayo imetoka wapi?"

"Bahari ya Hindi," alisema Nabututu.

"Ikakuja Kisumu kutafuta kazi. Kama nyinyi watu wa Bungoma tu."

"Sisi tulikuja na vyeti, Oketch. Wewe umezaliwa hapa na bado unaniazima mwavuli."

"Mwavuli nilirudisha."

"Ulirudisha mpini."

Siku iliyofuata Nabututu alimtoa mnyoo mzima kwenye chupa, akamlaza katika kisahani cha kioo na kuchungulia, na kwa muda hakushika penseli. Mnyoo alikuwa na urefu wa ukucha wa kidole gumba. Mwili wake ulikuwa mweupe, wa pingili thelathini na nane kama muwa mdogo usiomaliziwa, na kila pingili ilitoa vijiguu viwili, na kila kijiguu kilibeba shungi la nywele ngumu. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi hiyo, kwa hiyo alikuwa amekiinamisha kioo cha hadubini kuelekea dirishani, na mwanga uliomfikia mnyoo ulikuwa mwanga wa jua la Kisumu, ule ule uliokuwa ukikausha dagaa wa omena ufuoni. Nywele ziliupokea na kuupasua. Zilikuwa za dhahabu, na kisahani kikisogezwa kidogo zikawa kijani, kikisogezwa tena zikawa samawati.

Nabututu alifikiria mahali alipotoka kiumbe huyo. Giza lisilo na asubuhi. Maji yenye baridi, na uzito wa maji juu yake ambao ungemponda Nabututu na hadubini yake pamoja. Mnyoo hakuwa na macho, na waliomzunguka huenda nao hawakuwa nayo. Babu zake na babu za babu zake waliishi na kufa wakiwa wamevaa rangi hizi, na hazikuwahi kuwaka hata mara moja mpaka leo. Alihisi haya, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wenyewe.

"Hujaanza," alisema Gakenia nyuma yake.

"Naangalia."

Alimchora kwa majuma matatu. Mnyoo alikuwa amekakamaa akiwa amejipinda, ubavu wa kushoto umelaliwa chini, na Nabututu aliogopa kumlazimisha kugeuka asije akavunjika. Alichora upande wa kulia, kijiguu kwa kijiguu. Hakuacha unywele. Kisha, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango anapotoka nyumbani, akaikunja karatasi.

Gakenia aliutazama mchoro uliokamilika kwa wino na machozi yakamlenga. Aliandika maelezo ya kila kiungo akifuata mchoro huo, na mahali fulani akaandika kwamba upande wa kushoto ni sawa na wa kulia. Mwezi wa sita makala yakaenda kwa jarida la ng'ambo, yakiwa na majina mawili juu yake. Jioni ile Nabututu aliandika jina lake la pili mara kadhaa nyuma ya bahasha, kuona linavyokaa.

Jibu lilikuja Oktoba. Kila makala hupimwa kwanza na wataalamu wawili wasiojitaja, na wa pili wao alikuwa na adabu na hakuwa na huruma. Alisema mchoro ni mzuri kuliko yote aliyoipokea mwaka huo, na kwa sababu ni mzuri hivyo, umemsadikisha kwamba mnyoo huyu ni yule yule aliyekwisha kupewa jina zamani katika bahari nyingine, isipokuwa ni mdogo kidogo, na udogo pekee haumfanyi mtu kuwa wa kabila lingine. Alishauri makala yaondolewe. Mhariri alitoa siku sitini za kujitetea, kama kuna utetezi.

Gakenia alisoma barua hiyo kwa sauti, akaifunga simu yake ndani ya mtandio kama mtu anayefunika maiti. "Basi," alisema. "Si mpya. Tumwandikie jina lake la zamani tumrudishe chupani."

Kuandika vibandiko ilikuwa kazi ya Nabututu. Aliandika jina lile la zamani kwa herufi zake ndogo zilizonyooka, kisha akamchukua mnyoo kwa kibanio laini ili amhamishie chupa mpya. Vidole vyake havikuwa vizuri siku hiyo. Mnyoo aliponyoka, akaanguka katika kisahani cha spiriti, akazunguka polepole na kutulia amegeuka. Kwa mara ya kwanza tangu atoke baharini, ubavu wa kushoto ulikuwa juu.

Nabututu alichungulia, ili kumuaga tu. Jicho lake likapita juu ya vijiguu, cha kwanza, cha pili, cha tatu, likapita likarudi. Kwenye pingili ya tisa, katikati ya shungi la dhahabu, palisimama kitu kimoja kinene, cheusi, kilichopinda nchani kama ndoana. Kulia hapakuwa na kitu hicho. Alikuwa ameichora pingili ya tisa ya kulia kwa siku nzima na angeweza kuichora amefumba macho. Hapakuwa nacho.

Aliinua uso. Nje mtu alikuwa akiendesha mashine ya kukata nyasi. Alichungulia tena, na ndoana bado ilikuwepo.

Alielewa mambo mawili kwa pamoja. Kama ndoana ile ni ya kuzaliwa nayo, basi yule mnyoo wa bahari nyingine, asiye nayo, si wa aina yake, na Gakenia alikuwa sahihi tangu mwanzo. Na aliyemnyima mnyoo huyu ndoana yake, akampa ubavu usiokuwa wake, akamfanya afanane na mwingine, alikuwa yeye Teresia Nabututu, kwa kukunja karatasi.

Lakini huenda ni kovu, alijiambia. Huenda mnyoo huyu mmoja aliumia, au alizaliwa na kasoro. Njia ya kujua ilikuwa moja: yule wa pili, aliye nusu. Naye alikuwa kwenye kabati la Gakenia, na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wa Gakenia, na hapakuwa na namna ya kuuomba ufunguo bila kusema kwa nini.

Aliketi kwa saa nzima. Hakuna mtu angekuja kufungua chupa hii. Machi angepewa keki na saa ya ukutani, wangesema hajawahi kukosea, na mnyoo angekaa kwenye rafu na jina la mwingine mpaka spiriti ikauke. Alijaribu kuona kama anaweza kuishi na hilo. Aliona kwamba anaweza, na ndipo alipoogopa kweli, akasimama.

Gakenia alikuwa akila ndizi mezani kwake. Nabututu alifunga mlango nyuma yake.

"Daktari, ule mchoro. Upande wa kushoto sikuuchora."

"Sijaelewa."

"Nilichora wa kulia. Wa kushoto nilikunja karatasi nikanakili. Ndivyo ninavyofanya siku zote."

Gakenia aliiweka ndizi juu ya faili. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali apaze. "Nimeandika ni sawa, Mama. Nimeandika na kutia sahihi. Kwa sababu ya mchoro wako."

"Najua."

"Na si sawa?"

"Njoo uone."

Alikuja akaona. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu hivi kwamba Nabututu alihesabu vigae vya ukutani. Alipoinuka hakumtazama Nabututu. Alitoa ufunguo, akaenda kabatini na kurudi na chupa ya pili akiishika kwa mikono miwili. "Wewe ndiye utakayemweka," alisema. "Wewe ndiye mwenye mkono wa kazi hii."

Nabututu alivuta kisahani. Alimlaza mnyoo nusu, akamgeuza kwa ncha ya unyoya, akasogea pembeni. Gakenia alitikisa kichwa. "Angalia wewe."

"Daktari, sisi wote wawili tunataka kuiona. Tukiitaka tutaiona. Mwite mtu asiyejua."

Wakamwita Oketch, aliyekuwa akiosha buti. Alikuja na maji yakimtiririka.

"Kichwa chake kiko huku," Nabututu alimwambia. "Hesabu viguu kutoka kichwani, upande wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Ukiona kitu tofauti, sema. Usipoona, sema hujaona."

"Kuna mtu amepoteza pete ndani?"

"Hesabu, bwana."

Alihesabu kwa Kidholuo, midomo ikichezacheza. Achiel, ariyo, adek. Upande wa kulia alimaliza bila neno. Akaanza kushoto. Abich. Auchiel. Abiriyo. Aboro. Ochiko.

Oketch alisogeza jicho karibu zaidi. Kisha akasema, "Hapa iko na msumari."

"Wapi?"

"Ya tisa. Huku kushoto. Msumari nyeusi, imepinda." Aliinua kichwa akawatazama, na mzaha ukamtoka usoni. "Kwani nimeharibu?"

Wanyama wawili, kilomita arobaini za giza kati yao, ambao labda hawakuwahi kugusana, na kila mmoja alikuwa na ndoana moja tu mwilini, pingili ile ile, ubavu ule ule. Kuna kitu kilichokuwa kikihesabu kule chini muda wote huu bila kukosea, na hakikuwa kimekunja. Gakenia alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, akacheka bila sauti. Nabututu alikaa kando yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na daktari yeyote.

"Ndoana ni ya nini?" Nabututu aliuliza baadaye.

"Sijui. Kushikilia kitu. Au kushikana wao kwa wao, pengine. Hakuna anayejua, Mama. Sisi watatu ndio tulioiona."

"Basi mimi narudi kwa buti," alisema Oketch. Lakini kabla ya kuondoka aliinama akachungulia tena.

Walibishana juu ya jambo moja tu. Katika barua ya utetezi Gakenia aliandika kwamba "kulikuwa na hitilafu katika mchoro wa awali". Nabututu aliisoma, akaomba kalamu.

"Hitilafu haikuja yenyewe," alisema. "Andika kwamba mchoraji alinakili upande mmoja bila kuutazama wa pili. Mchoraji ni mimi, na jina langu liko juu pale."

"Hakuna anayeandika hivyo. Watakuona vipi?"

"Wataona nilikosea. Mtu akijua tulikosea wapi, ataamini tulipopatia. Ukiificha hiyo, atajiuliza na ndoana kama ni ya kweli."

"Ni makala yako ya kwanza, Mama."

"Na ya mwisho. Ndiyo sababu."

Gakenia aliandika.

Mchoro wa pili ulimchukua siku ishirini na sita, na siku hizo zilimbadilisha kuliko miaka yote iliyotangulia. Alianza na pingili ya kwanza ya kushoto akidhani tofauti ni ndoana tu. Haikuwa hivyo. Kila alipotazama bila kukunja, pande mbili zilizidi kuachana. Hapa nywele kumi na saba, kule kumi na tisa. Kijiguu kimoja kilikuwa kimekatwa zamani kikaota upya, kidogo na chenye mkunjo. Mahali pamoja ngozi ilikuwa na kovu la kitu kilichomuuma mnyoo huyu akanusurika, katika usiku ambao hakuna aliyeusimulia. Alikuwa na maisha, basi. Nabututu alichora kovu hilo ingawa Gakenia alisema halihitajiki. Baadaye wakakubaliana libaki.

Jioni akitembea kurudi Kondele alijikuta akiwafikiria wengine: maelfu ya minyoo myekundu ya ziwa aliyoikunja tangu alipokuwa binti. Wangapi aliwapa upande usiokuwa wao? Hakuna njia ya kuwaomba msamaha. Wengi wao huenda walikuwa sawa kweli. Lakini hakuwa amewatazama ili ajue, na hilo lilikaa kifuani mwake bila kusogea, hata usingizini. Halikuwa hasa huzuni. Lilifanana zaidi na kusimama kwenye ukingo wa maji usiyoona chini yake, baada ya miaka mingi ya kudhani yanakufika magotini.

Mhariri alijibu Februari. Mtaalamu wa pili alikuwa ameandika mistari mitatu tu. Alisema ameutazama mchoro mpya mara nyingi, kwamba sasa hana pingamizi, na kwamba yeye mwenyewe amerudi kwenye minyoo yake ya zamani kuangalia ubavu ambao hakuwahi kuuchora.

"Sasa jina," alisema Gakenia. "La kwanza ni la ukoo, hilo tunalo. La pili ni letu. Nilitaka kukupa wewe."

"Hapana. Karibu nimfute duniani, halafu avae jina langu?"

"Basi sema."

Nabututu alifikiri. Alipendekeza neno "kushoto". Gakenia aliandika neno hilo kwa herufi ndogo baada ya jina refu la Kilatini, akageuzageuza kichwa kulitazama. Lilikaa vizuri. Kuanzia siku hiyo mtu yeyote mahali popote, akitaka kumtaja mnyoo huyu, angelazimika kusema neno moja la Kiswahili na kujua mahali pa kutazama.

"Unadhani wako wangapi kule?" Nabututu aliuliza.

"Wa kushoto?"

"Wote. Ambao hawajatazamwa."

Nje Oketch alikuwa amefika na ndoo za tope la asubuhi na alikuwa akilalamika kwamba hakuna anayempokea. Nabututu alikuwa na majuma matano kabla ya kustaafu. Alivaa koti lake, akaenda kupokea ndoo, akaosha tope mpaka akapata mnyoo wa kwanza. Alimlaza kwenye kisahani, akamchora ubavu wa kulia. Kisha akachukua unyoya na kuanza, polepole, kumgeuza.